Anatoka Mwezi Ujao: Mwongozo wa Kumpokea Ndugu Aliyemaliza Kifungo

Kaka yangu alipigwa mvua saba, yaani kifungo cha miaka 7. Alikaa miaka 4 na miezi 8, akatoka Jumanne moja asubuhi, na sisi nyumbani Muheza tukampikia pilau. Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yetu yote. Wiki ya tatu ilipofika alishahama, analala kwenye kibanda cha kuuzia machungwa kando ya barabara, na mama yetu halali.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kuwapokea watu wengine wanne: mpwa wa mume wangu, majirani wawili, na kijana mmoja ambaye hakuwa na ndugu wa karibu. Niliyojifunza nayaandika hapa kwa mpangilio ule ambao kazi inapaswa kufuata. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao, na huko hata magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo.

1. Jua anatoka lini na anatoka kwa njia gani

Familia nyingi huhesabu vibaya. Mtu akihukumiwa miaka 7 wanaandika kalenda ya miaka 7, kisha anabisha hodi mlangoni wakati chumba chake kimepangishwa. Sheria ya Magereza ya 1967 inamwezesha mfungwa mwenye bidii na tabia njema kupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Kwa hiyo miaka 3 inakuwa 2, na 7 inakuwa ile 4 na miezi 8 ya kaka. Punguzo hilo linaweza kukatwa akifanya makosa gerezani, na wa kifungo cha maisha halimhusu.

Kuna pia msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Mara nyingi hutangazwa kwenye sherehe za kitaifa, hasa 9 Desemba na 26 Aprili. Tarehe 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533 kwa mara moja. Fikiria ni familia ngapi zilisikia habari hiyo redioni zikiwa hazina hata godoro la ziada. Ndugu yako akiwa na kosa dogo na kifungo kilichobaki kifupi, Novemba ikianza usingoje tangazo, anza kujiandaa.

Njia ya tatu ni Parole, kwa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994. Hapa pana jambo watu hawalielewi: aliyetoka kwa Parole bado anatumikia kifungo, ila yuko nje. Ana masharti, na akiyavunja anarudishwa. Ipo pia huduma kwa jamii, chini ya sheria ya 2002, kwa vifungo visivyozidi miaka 3. Huyo anafanya kazi za umma bila malipo huku akisimamiwa na afisa wa probesheni. Ukimpokea mtu wa namna hii halafu ukamtafutia kazi mkoa mwingine bila kuuliza, umemtia matatani kwa wema wako mwenyewe.

Siku ya kumtembelea, muulize yeye na afisa wa gereza: tarehe ya kutoka ni ipi, kuna masharti gani, hukumu ilikuwa na faini au fidia ambayo haijalipwa, kuna kesi nyingine inayomsubiri, na alipoingia aliacha vitu gani vikaandikwa. Fidia hasa ndiyo husahaulika. Kifungo kikiisha, deni la fidia linaweza kuwa bado liko palepale.

2. Kikao cha nyumbani, yeye akiwa bado ndani

Hatua hii ndiyo tuliyoiruka, na ndiyo iliyotugharimu. Kaeni watu wazima wote wa nyumba hiyo, pamoja na yule ambaye bado ana kinyongo. Swali la kwanza si "tutamsaidiaje", ni "atalala wapi, na nani anahama ili yeye alale". Chumba cha kaka alikuwa anakitumia mdogo wetu na mkewe. Hakuna aliyethubutu kuwaambia wahame, na hakuna aliyethubutu kumwambia kaka chumba hakipo. Tukamtandikia sebuleni. Mtu aliyekaa miaka karibu mitano bila faragha tukamlaza mahali ambapo kila anayekwenda chooni usiku anamruka.

Watoto nao. Wanawe tuliwaambia baba yuko Sauzi anatafuta maisha. Alipotoka, wa kiume, miaka tisa, akamuuliza mbele ya wageni, "Baba, umetuletea nini kutoka Sauzi?" Kaka akaangalia chini. Mimi shangazi mtu ndiye niliyetunga ule uongo, na sikuwa na pa kujificha. Waambieni watoto ukweli mapema kwa maneno ya umri wao: baba alikosea, akahukumiwa, adhabu yake imeisha, anarudi. Watoto wa jirani wanajua tayari, niamini.

Mke au mume aulizwe peke yake kama bado anaitaka ndoa hiyo, bila mama mkwe kukaa pembeni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaja adhabu ya kifungo cha miaka 5 au zaidi kama mojawapo ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama inapoamua kama ndoa imevunjika. Wifi wengi hawaendi mahakamani, wanaendelea tu na maisha yao. Kama ameshaolewa au ana mtu, mfungwa aambiwe kabla hajatoka, kwa mdomo wa mtu anayemheshimu, na apewe muda wa kulitafakari akiwa bado mahali ambapo hawezi kukurupuka usiku kwenda kugonga mlango wa mtu.

Halafu mali. Kaka aliacha michungwa aliyoipanda mwenyewe, na wakati hayupo ikaanza kuzaa. Nani alikula misimu ile mitatu? Tulikula sote, ada ya shule ya wanawe ilitoka humo, na dawa za mama. Lakini hakuna aliyeandika. Wekeni hesabu hata ya kukadiria: msimu huu tulipata kiasi gani, kikatumika wapi. Mtu akikuta karatasi atanung'unika, lakini akikuta kimya atahisi kaibiwa. Na kama kuna shamba au kiwanja kimeshikwa na mtu mwingine, mjue kwamba ukomo wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12. Kwa aliyekaa ndani muda mrefu, saa hiyo imekuwa ikihesabu. Jaribuni suluhu kwenye baraza la kata kwanza, isipowezekana nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nyumba nyingine hazifai, na hili nalisema bila kupepesa. Kama kosa lilikuwa kumdhuru mtoto au mwenza aliyemo nyumba hiyohiyo, usimpeleke hapo, hata akilia, hata mama akilia. Mtafutie kwa mjomba, chumba cha kupanga, au kijiji kingine. Na aliyedhuriwa ajue mapema dawati la jinsia la polisi lililo karibu naye liko wapi.

3. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya majirani

Wiki mbili kabla, pita kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji. Usiende kuomba ruhusa, maana mtu kurudi kwao hakuhitaji ruhusa ya yeyote. Nenda kutoa taarifa kwa adabu: "Mwenyekiti, shikamoo. Kaka yetu fulani anamaliza kifungo tarehe kadhaa, atakaa kwetu, ukisikia lolote tuite sisi kwanza." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mwenyekiti ndiye atakayeandika barua ya utambulisho, ndiye polisi watakayemuuliza, ndiye atakayetuliza vijana wakisema mwizi karudi. Ukimkuta keshasikia kijiweni, umechelewa.

4. Siku yenyewe

Fika getini asubuhi na mapema. Nendeni watu wawili, inatosha. Mchukulie nguo, maana zile alizoingia nazo hazitamkaa, pamoja na viatu na maji ya kunywa. Kabla ya kuondoka hakikisha mkononi ana hati ya kuachiliwa, vitu vyake vilivyoandikwa wakati wa kuingia, karatasi za hospitali kama alikuwa kwenye dawa, na uthibitisho wowote wa ufundi aliojifunza humo. Toa nakala tatu za hati ya kuachiliwa siku hiyohiyo. Ya kaka ililowa kwenye mfuko wa suruali ikafuliwa, na kupata nyingine ilituchukua nauli za safari mbili.

Pilau ipikwe, lakini wale wa nyumbani tu. Spika na wageni arobaini viache. Mtu ametoka mahali ambapo kelele humaanisha hatari, unamkalisha katikati ya umati akishikwa mabega na watu asiowakumbuka majina.

5. Karatasi, kwa mpangilio huu

Barua ya utambulisho ya mtaa kwanza. Ya pili, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ya tatu, laini ya simu. Ukizivuruga utazunguka bure, kwa sababu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na bila laini hana pesa ya mtandaoni, na siku hizi hata kibarua cha kubeba tofali kinalipwa kwa simu.

Kama alijiandikisha zamani, namba yake ipo, atafute au aende ofisi ya NIDA ya wilaya na barua ile. Kama kitambulisho kimepotea atahitaji taarifa ya polisi ya kupotelewa. Kama hakuwahi kabisa kujiandikisha, akusanye cheti cha kuzaliwa au cha shule ya msingi, na mtu wa familia afuatane naye, maana maswali ya makazi yatakuwa mengi. Laini yake ya zamani asiitegemee, huenda imeshapewa mtu mwingine. Akishapata laini mpya apige *106# aone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asizozijua azikane mapema. Mtu mwenye rekodi ya jela hahitaji laini ya tapeli kwenye jina lake.

6. Hospitali ndani ya wiki mbili

Gerezani watu hulala wamebanana, na TB inapenda hivyo hasa. Kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda: chochote kati ya hivyo, kituo cha afya. Vipimo na dawa katika vituo vya serikali ni bure. Kama alianza dawa ndani, dozi ya kawaida ni miezi 6, na hatari ni ile wiki ya kutoka ambapo anaona ameshakuwa mzima na anaacha. Aliye kwenye dawa za VVU atoke na barua ya uhamisho ili apokelewe CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU) ya karibu bila kuanza upya. Asiyetaka majirani wamwone hapo anaweza kwenda CTC ya mji mwingine, msimlazimishe ya jirani.

Kwa aliyekuwa anatumia unga, yaani heroini, kabla ya kufungwa, familia nzima ijue hili: mwili wake umeshasahau. Kiasi alichokuwa anakitumia zamani na kuamka, leo kinaweza kumuua, na wengi hufa siku za mwanzo wakidhani wanarudia ya kawaida. Huduma ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Dawa hunywewa kituoni kila siku, kwa hiyo mahali pa kuishi pachaguliwe kwa kutazama nauli ya kila asubuhi.

7. Mwezi wa kwanza ndani ya nyumba

Kaka alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anasimama mlangoni kwa mama, mikono nyuma, anasubiri. Mama anamwambia, "Mwanangu, hapa ni kwenu," kesho anarudia. Na alikuwa halali taa ikizimwa, maana selo haizimwi taa. Tukaanza kugombana juu ya umeme: nani kamaliza luku? Ugomvi wetu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa uniti za shilingi elfu tano. Nunua taa ndogo ya sola, elfu kumi na kitu, umalize kesi.

Mambo haya huisha yenyewe, kwa wengi ndani ya miezi mitatu minne. Kinachosaidia ni kumpa uamuzi mdogomdogo: leo tupike nini, uende sokoni au ubaki, uvae shati lipi. Huwezi kuamini shati linavyomchosha mtu ambaye kwa miaka hakuchagua. Mpe ufunguo wa nyumba siku ya kwanza. Asipokuwa nao atakaa nje kusubiri kufunguliwa na hatalalamika.

Maneno ya kuepuka mnayajua: "mfungwa wetu", "usije ukaturudisha kulekule", na kuhesabu pesa mbele yake kisha kuzihamisha. Kama mna hofu ya kweli, fungieni pesa zenu kabla hajafika. Akishaingia, msianze kukagua. Hasira au majonzi yakizidi, haongei kabisa, anasema bora angebaki ndani au bora afe, hilo ni la hospitali, na likiwa la kufa ni la leo hii. Mtu abaki naye.

Na pesa: baba yetu mdogo, kwa moyo mzuri kabisa, alimpa kaka 200,000 siku ya pili, "anzia mtaji". Ijumaa haikuwepo. Aliwanunulia watu vinywaji kwa aibu ya kuitwa mkosefu asiye na kitu. Mtaji uwekeni, aupate mwezi wa tatu au wa nne akishajua anataka kufanya nini. Mwezi wa kwanza apate nauli, vocha na ya kunyolea.

8. Kazi

Kazi yoyote ya malipo ya jioni inafaa kuanzia, na saidia fundi ndiyo rahisi kuipata. Mpeleke mwenyewe kwa fundi unayemfahamu, useme ukweli wote mbele yake: kosa lilikuwa hili, alikaa muda huu. Fundi akijulia kwingine atamfukuza hata kama kazi ni nzuri.

Anunue daftari. Kila siku aandike tarehe, mahali, kazi na malipo, na fundi asaini. Kwanza lilikuwa wazo langu la kumsaidia kupanga fedha tu. Faida yake nyingine tuliiona baadaye.

Ajira zinazodai cheti cha tabia njema kutoka polisi zitamsumbua, maana cheti hicho hutolewa kwa alama za vidole na rekodi itaonekana. Asidanganye kwenye fomu, na asipoteze mwaka mzima akizililia. Magereza mengi yana useremala, ushonaji, ujenzi, kilimo na mifugo, na gereza la Karanga, Moshi, linajulikana kwa viatu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi nje ya darasa na kumpa cheti, bila kurudi shule. Cheti cha useremala chenye jina la VETA hakisemi ulijifunzia wapi.

Baadaye, ipo mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Hutolewa kwa vikundi, na wanachama wajue historia yake tangu mwanzo. Kama kosa lilikuwa la wizi, asipewe utunza hazina mwaka wa kwanza. Shilingi elfu tano ikipotea hata kwa makosa ya kujumlisha, ataulizwa yeye. Bodaboda ya mkataba siipendi kwa aliyetoka karibuni. Hesabu ya kila siku ya kumpelekea mwenye pikipiki inamkimbiza, akikosa siku tatu anadaiwa, na anayedaiwa husikiliza ushauri wa marafiki wa zamani.

9. Aliyekosewa

Asiende mwenyewe nyumbani kwa aliyemkosea, hata kwa nia ya kuomba radhi. Kwao, kumwona uani ni tishio. Mzee anayeheshimiwa pande zote, au shehe, au mchungaji, aende kwanza aulize kama wako tayari. Wakisema hapana, ni hapana, na asilaumiwe mtu. Sisi tulikubaliwa baada ya miezi minane. Kaka alikaa mkekani, akasema maneno machache, akaanza kulipa thamani ya mali kwa mafungu. Mwenye mali alipokea la kwanza bila kumtazama. La tatu alimpa chai.

10. Polisi wakija

Watakuja. Ukivunjwa mlango wowote mtaani, jina la kwanza ni lake. Wakija asikimbie wala asibishane, aende nao, na watu wawili wa nyumbani wafuate kituoni. Ulizeni anatuhumiwa kosa gani, nani anapeleleza, na dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati apelekwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo, na makosa mengi yana dhamana ya polisi. Mkikwama, tafuteni wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao hailipiwi.

Kaka walimchukua mwezi wa saba, duka lilivunjwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwenyekiti alifika kabla yetu. Nikampa mpelelezi lile daftari. Akafungua ukurasa wa Ijumaa: wamemwaga zege Korogwe mpaka saa nne usiku, wamelala saiti, saini ya fundi na namba yake. Akampigia fundi palepale, akauliza maswali mawili. Kisha akamrudishia kaka mkanda na viatu vyake.